Nuru, Vazi na Ngozi: Maandiko Matakatifu Yasomwapo kwa Kiswahili Mwanza

1. Utangulizi

Mabatini ni kata mojawapo ya Wilaya ya Nyamagana katika Jiji la Mwanza. Jina lake limetokana na mabati, na alisikiaye kwa mara ya kwanza hahitaji kufasiriwa: mahali hapo pameitwa kwa kile kinachofunika nyumba. Paa la bati lina kazi moja na tabia moja. Kazi yake ni kumsitiri aliye ndani asipigwe na mvua wala jua. Tabia yake ni kung'aa, hata likaonekana kutoka kilima cha pili. Kilichowekwa ili kifunike ndicho kinachometameta.

Katika Maandiko Matakatifu ya Wayahudi na ya Wakristo zipo ishara mbili zinazokutana kwa namna hiyo hiyo, nazo ni nuru na vazi. Kwa kawaida hufafanuliwa kila moja peke yake. Nuru huelezwa kuwa ni ukweli, uzima na uwepo wa Mungu. Vazi huelezwa kuwa ni heshima, haki na hali mpya ya moyo. Hata hivyo, ugumu hujitokeza pale Maandiko yanapoziunganisha, kwa kuwa kwa maumbile yake nuru hufichua, ilhali nguo huficha. Itawezekanaje basi nuru iwe vazi?

Mhadhara huu unalichunguza swali hilo kwa kuanzia na lugha ya Kiswahili, ambayo ndiyo lugha wanayoyasomea Maandiko wengi wa wakazi wa mwambao wa kusini wa Ziwa Viktoria. Hoja yake kuu ni kwamba mng'ao na weupe unaosifiwa katika Maandiko ni wa vazi alilovikwa mtu, yaani stara na heshima aliyopewa, wala si wa ngozi aliyozaliwa nayo. Hoja hii si ya wanafunzi wa lugha peke yao. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007, Mwanza na mikoa jirani ya Kanda ya Ziwa imeshuhudia watu wenye ualbino wakiwindwa na kuuawa kwa sababu ya rangi ya ngozi yao. Katika mazingira hayo, namna neno "nuru" na neno "nyeupe" yanavyosomwa madhabahuni si jambo dogo.

2. Nuru na mwanga katika tafsiri za Kiswahili

Kiswahili kina maneno mawili makubwa kwa dhana hii. La kwanza ni "nuru", lenye asili ya Kiarabu. La pili ni "mwanga", lenye mzizi wa Kibantu na lililo jamaa ya "anga". Maneno haya hayajawahi kuwa na uzito mmoja. "Nuru" liliingia katika Kiswahili likiwa tayari limebeba maana ya kidini: ndilo jina la sura ya 24 ya Kurani, na washairi wa Lamu na Pate walilitumia kwa mambo ya rohoni muda mrefu kabla ya kuwapo Biblia ya Kiswahili. "Mwanga" ni neno la kila siku: mwanga wa alfajiri, mwanga wa taa, mwanga unaopenya dirishani.

Wafasiri wa Biblia walijikuta kati ya maneno hayo mawili. Krapf alianza kufasiri kitabu cha Mwanzo huko Mombasa mwaka 1844. Askofu Edward Steere aliendeleza kazi hiyo Unguja hadi alipofariki mwaka 1882, na Biblia nzima kwa lahaja ya Kiunguja ikatoka mwaka 1891. Karl Roehl, ambaye Biblia yake ilitoka mwaka 1937, alijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake. Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952, ambayo hadi leo ndiyo iliyozoeleka zaidi katika makanisa mengi ya Tanzania, haikuifuata njia ya Roehl. Ilibaki na "nuru". Biblia Habari Njema, iliyokamilika katika miaka ya 1990, ikachagua "mwanga", hata katika maneno ya Yesu kujihusu mwenyewe katika Injili ya Yohana.

Uamuzi wa Tafsiri ya Muungano una faida isiyotambuliwa mara nyingi. Katika sura ya kwanza ya Mwanzo, kinachoumbwa siku ya kwanza huitwa "nuru". Jua, mwezi na nyota, vilivyoumbwa siku ya nne, huitwa "mianga". Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili huona mara moja kwamba nuru ilikuwapo kabla ya jua, na kwamba jua ni chombo tu. Katika Kiebrania maneno hayo mawili, or na maor, yana mzizi mmoja, na udugu wao hupotea pale yanapotenganishwa kuwa "nuru" na "mianga". Lakini kinachopotea katika sauti hupatikana katika maana. Marabi waliuliza swali hilo hilo: nuru ya siku ya kwanza, isiyo ya jua, ilikwenda wapi? Jibu lao, lililohifadhiwa katika Talmudi, ni kwamba Mungu aliificha akawawekea wenye haki kwa wakati ujao.

Liko jambo la pili. Neno "mwanga" lina pacha wake. Mwanga wa ngeli ya m/mi, yaani mwanga na mianga, ndio ung'aao; mwanga wa ngeli ya m/wa, yaani mwanga na wanga, ni mchawi atembeaye usiku. Wenye lugha hawachanganyi maneno haya, kwa kuwa upatanisho wa kisarufi huyatenga. Hata hivyo, kukaa kwao pamoja kinywani ni ukumbusho kwamba si kila king'aacho gizani ni cha heri. Usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wa Ziwa Viktoria huwasha karabai, na katika miaka ya karibuni taa za umeme wa jua, nao dagaa huifuata taa mpaka wavuni. Aonaye kutoka vilima vya Mwanza hudhani mji mwingine umeota majini. Kwa mvuvi ule ni mwanga wa riziki. Kwa dagaa ni mtego. Mtume Paulo, katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, aliwaonya wasomaji wake kwamba hata Shetani hujigeuza awe mfano wa malaika wa nuru. Kigezo cha nuru, basi, si kung'aa kwake. Ni kile inachomtendea anayeifikia.

3. Vazi na stara

Kwa upande wa mavazi, Kiswahili kina hazina pana, nao wafasiri waliitumia bila kusita. Yusufu alishonewa na baba yake "kanzu". Kuhani mkuu alivikwa joho, kanzu, kilemba na mshipi. Yesu aliposulubiwa, askari waliipigia kura "kanzu" yake isiyo na mshono. Marko, akisimulia jinsi mavazi ya Yesu yalivyong'aa mlimani, asema kwamba hakuna dobi duniani awezaye kuzitakatisha nguo kiasi hicho; na neno "dobi", lililotoka Bara Hindi, likaketi ndani ya Injili kana kwamba liliandikwa humo tangu mwanzo. Mswahili asomaye hupata watu waliovaa kama babu zake wa pwani.

Muhimu zaidi ni vitenzi. Kiswahili huunda kutokana na mzizi mmoja "kuvaa", "kuvika" na "kuvua". Mtu huvaa mwenyewe; mtu huvikwa na mwingine; mtu huvua alichokuwa nacho. Nyaraka za Paulo zimesimama juu ya vitenzi hivi. Waefeso wanaambiwa wauvue utu wa kale na kuuvaa utu mpya. Wagalatia wanakumbushwa kwamba waliobatizwa wamemvaa Kristo, na mara baada ya hapo mtume atamka kwamba hapana tena Myahudi wala Myunani, mtumwa wala huru. Mpangilio huo una maana: vazi moja linapowafunika wote, tofauti za miili haziwi tena kipimo cha thamani ya mtu.

Kwa wakazi wa pembezoni mwa ziwa, "kuvua" ni pia kutoa samaki majini. Maneno hayo mawili yana sauti moja tu, wala hayana asili moja; lakini sura ya 21 ya Injili ya Yohana yayakutanisha bila ya mwandishi wake kujua Kiswahili. Petro alikuwa akivua, naye alikuwa amevua. Aliposikia kwamba ni Bwana asimamaye ufuoni, kwanza alijifunga vazi lake, kisha akajitupa majini. Ni ajabu mtu kuvaa nguo ili aogelee. Lakini msomaji aliyelelewa katika adabu za Kiswahili halioni hilo kuwa ajabu: mtu hamwendei mkubwa wake bila stara.

Neno "stara" ndilo ufunguo wa sehemu hii. Nguo katika utamaduni wa Waswahili si pambo kwanza, ni stara. Kumsitiri mtu ni kumfunika mwili, na pia ni kuifunika aibu yake isitangazwe. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 3, kimejengwa juu ya maana zote mbili. Adamu na Hawa, baada ya kosa, walijishonea majani ya mtini, nayo hayakutosha, kwani waliendelea kujificha. Kabla ya kuwatoa bustanini, Mungu mwenyewe aliwatengenezea mavazi ya ngozi akawavika. Hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa, wala haikuondolewa. Lakini waliohukumiwa hawakuachwa uchi. Tendo la kwanza la huruma katika Maandiko baada ya kosa la kwanza ni kuvika.

Tendo hilo hurudiwa mara nyingi. Katika kitabu cha Zekaria, kuhani mkuu Yoshua asimama mbele ya malaika akiwa na nguo chafu, na mshitaki yuko mkono wake wa kuume. Bila Yoshua mwenyewe kutamka neno lo lote la utetezi, amri hutolewa avuliwe nguo zile na kuvikwa nyingine. Katika Injili ya Luka, baba wa mwana mpotevu hamwachi mwanawe amalize maneno aliyojiandalia. Aagiza liletwe vazi bora. Katika mifano yote hii anayevikwa hakujivika mwenyewe. Waswahili husema nguo ya kuazima haisitiri matako, kwa maana mwenyewe aweza kuidai wakati wo wote. Vazi la Maandiko si la kuazima. Hutolewa na asiyedai lirudishwe.

4. Nuru inapokuwa vazi

Sasa yawezekana kulirudia swali la awali. Mtunzi wa Zaburi ya 104 amwona Mungu akiwa amejifunika nuru mithili ya mtu ajifunikavyo nguo. Kitenzi cha Kiebrania kilichotumika hapo humaanisha kujizungushia nguo mwilini. Mswahili akitaka picha yake kamili atasema "kujitanda", kama mwanamke ajitandavyo kanga kuanzia kichwani. Wayahudi hadi leo husoma mwanzo wa zaburi hiyo wanapojitanda shali ya sala yenye vishada katika pembe zake. Kwa hiyo kila asubuhi mwenye kusali huigiza kwa kitambaa kile ambacho Zaburi yasema Mungu alikifanya kwa nuru.

Kwa nini Mungu ajifunike? Jibu la Maandiko ni kwamba mwanadamu hawezi kumtazama waziwazi. Nuru ya Mungu hufichua uumbaji wote, na papo hapo humsitiri Mungu mwenyewe, kama jua la adhuhuri linavyoonyesha kila kitu isipokuwa uso wake lenyewe. Hapa ndipo mgongano wa ishara mbili unapotatuliwa: nuru yaweza kuwa vazi kwa sababu si kila ufichuaji ni wa kuaibisha. Iko nuru inayomfanya mtu aonekane bila kumvua heshima.

Marabi walikwenda mbele zaidi, nao walipitia katika sauti ya maneno. Katika Kiebrania, or iandikwayo kwa alefu ni nuru. Or iandikwayo kwa ayini ni ngozi. Herufi moja tu ndiyo huyatenga. Midrashi iitwayo Bereshit Rabba yasimulia kwamba katika gombo la Torati la Rabi Meir, mwalimu mashuhuri wa karne ya 2, mahali pa mavazi ya ngozi aliyovikwa Adamu paliandikwa mavazi ya nuru. Onkelo, mfasiri wa Torati kwa Kiaramu, aliandika kwamba yalikuwa mavazi ya heshima yaliyowekwa juu ya ngozi ya miili yao. Wakristo wa Kisiria, akiwamo Efremu aliyefariki mwaka 373, waliendeleza wazo hilo wakifundisha kwamba vazi la utukufu lililopotea bustanini hurudishwa katika maji ya ubatizo.

Tafsiri za Kiswahili haziwezi kuihifadhi michezo hii ya sauti, kwa kuwa "nuru" na "ngozi" hazifanani. Lakini wazo lenyewe laweza kuelezwa bila taabu. Kile ambacho wasomaji wengi wamekiona kuwa kiwakilishi cha unyonge wa mwanadamu, yaani ngozi, Rabi Meir alikisoma kuwa nuru. Hakusema ngozi ya nani. Adamu na Hawa ni wazazi wa watu wote.

Ngozi na nuru hukutana tena katika kitabu cha Kutoka, sura ya 34. Musa ashuka kutoka Sinai na ngozi ya uso wake yang'aa, naye hana habari. Hieronimo, alipofasiri kwa Kilatini, alikifuata kitenzi cha Kiebrania ambacho mzizi wake ni mmoja na ule wa neno "pembe". Ndiyo sababu Michelangelo alimchonga Musa akiwa na pembe kichwani. Kosa hilo la tafsiri limesimama kwa jiwe mjini Roma. Lakini kisa chenyewe kina jambo zito kuliko pembe. Watu walipouona uso ule walimwogopa Musa, wala hawakuthubutu kumkaribia. Yeye ndiye aliyewaita, akazungumza nao, kisha akauweka utaji usoni mwake. Waliogopa ngozi ambayo hawakuwahi kuiona, na woga wao haukuwa na msingi: aliyekuwa mbele yao alikuwa mtu wao yule yule.

5. Weupe wa nguo na weupe wa ngozi

Ni rahisi kuteleza kutoka nuru hadi weupe, na kutoka weupe wa nguo hadi weupe wa ngozi. Historia ya Ukristo katika mwambao wa ziwa ina mfano ulio wazi. Wamisionari Wakatoliki waliofika upande wa kusini wa ziwa mwishoni mwa mwaka 1878, na ambao mwaka 1883 walifungua misheni ya Bukumbi, walikuja kujulikana kwa jina la Mapadre Weupe. Wengi hudhani jina hilo latokana na rangi yao. Ukweli ni kwamba shirika hilo, lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, liliitwa hivyo kwa sababu ya mavazi: kanzu nyeupe na joho jeupe, yaliyoigwa kutoka kwa watu wa Afrika ya Kaskazini. Weupe ulikuwa wa kanzu, na kanzu yenyewe ilikuwa ya Kiafrika.

Maandiko yenyewe hayaiheshimu ngozi kwa weupe wake. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 12, Miriamu alimnena vibaya Musa kwa sababu ya mkewe Mkushi, na ngozi yake ikawa nyeupe kama theluji. Weupe ule ulikuwa adhabu, nayo ilimpata aliyemdharau mwanamke wa Kushi. Kwa upande mwingine, Walawi sura ya 13 yasema mtu ambaye mwili wake wote umegeuka kuwa mweupe ni safi. Maradhi yanayozungumzwa humo si ualbino, wala haifai kuyasoma hivyo. Ila yatosha kuonyesha kwamba katika Maandiko weupe wa ngozi hauna maana moja ya kudumu. Weupe wenye maana ya kudumu ni wa nguo zilizofuliwa. Hata katika Ufunuo, sura ya 7, mavazi ya umati mkubwa kutoka kila taifa ni meupe kwa sababu yamefuliwa. Wenye mavazi hayo ni wa kila kabila na kila lugha, na mwandishi hasemi ngozi zao zilibadilika.

Msamiati wa Kanisa unao ushahidi wa ajabu juu ya jambo hili. Vazi refu jeupe avaalo padre madhabahuni huitwa "alba". Mtu aliyezaliwa bila rangi ya kutosha katika ngozi, nywele na macho huitwa "albino". Maneno yote mawili yametokana na neno moja la Kilatini, albus, lenye maana ya "nyeupe". Alba hukunjwa kwa uangalifu na kutunzwa ndani ya sakristia. Nduguye wa neno hilo, aliye mtu na si kitambaa, katika Kanda ya Ziwa amelala na milango iliyokazwa kwa hofu.

6. Stara katika Kanda ya Ziwa

Chanzo cha mauaji kinajulikana. Iliaminishwa na baadhi ya waganga kwamba viungo vya mtu mwenye ualbino huleta utajiri wa haraka, hasa kwa wachimbaji wa dhahabu na wavuvi. Lugha ya mitaani ilifuata soko. Juu ya neno la zamani "zeruzeru", ambalo wenyewe hulihesabu kuwa tusi, likaongezwa neno "dili", kana kwamba mtu ni biashara inayopita barabarani. Mtu akishaitwa dili amekwisha kuvuliwa: amevuliwa jina, amevuliwa ukoo, kimebaki kitu chenye bei.

Yako yaliyofanywa. Mwaka 2008 Rais Jakaya Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, mwanamke wa kwanza mwenye ualbino katika Bunge la Tanzania. Mwezi Septemba 2009, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama ilitoa hukumu ya kwanza ya mauaji ya namna hiyo. Watoto walikusanywa katika shule za bweni kama Mitindo, wilayani Misungwi, ili walindwe. Tangu mwaka 2015, kwa azimio la Umoja wa Mataifa, tarehe 13 Juni huadhimishwa kuwa siku ya kimataifa ya uelewa juu ya ualbino. Hatua hizi ni za serikali, sheria na jumuiya ya kimataifa. Swali la mhadhara huu ni lile lihusulo lugha na mimbari: Maandiko, yasomwapo kwa Kiswahili, yana neno gani kwa Mabatini na vitongoji vilivyo kama Mabatini?

Jibu lapatikana katika sura ile ile ya 7 ya Ufunuo. Baada ya kuwaeleza waliovaa mavazi meupe, mwandishi aongeza kwamba jua halitawapiga tena, wala joto lo lote. Mhubiri wa nchi ya baridi aweza kuipita ahadi hiyo bila kuitazama. Mkazi wa Mwanza hawezi. Kwa mtu mwenye ualbino, ambaye ngozi yake haina kinga ya asili, mwanga wa jua ni hatari ya kila siku; saratani ya ngozi imewaua wengi kimya kimya, bila vichwa vya habari. Kwake vazi si ishara tu: kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, kama yale yanayotengenezwa KCMC mjini Moshi, ndiyo tofauti kati ya uzima na ugonjwa. Anahitaji kusitiriwa na nuru ya jua, na anahitaji kusitiriwa na watu. Maandiko humwahidi stara hizo mbili kwa pamoja: vazi, na kivuli.

Pia yapasa kukumbuka mfano wa taa katika Injili ya Mathayo. Taa haiwekwi chini ya pishi. Pishi ni kipimo cha nafaka. Ni chombo cha biashara. Wafasiri walipolichagua neno hilo la sokoni walimpa msomaji wa Kiswahili maana ya ziada ambayo yafaa sana kwa Kanda ya Ziwa: kuifunika taa kwa pishi ni kuifunika kwa kipimo cha kuuzia. Ndivyo alivyofanywa aliyeitwa dili. Mahali pa taa ni juu ya kiango, ambapo huwaangaza wote waliomo nyumbani; na aliyewekwa juu ya kiango hawezi kupimwa kwa pishi.

Waswahili wana methali isemayo: Mwanga mpe mtoto kulea. Hekima yake ni kwamba hata mchawi, akikabidhiwa mtoto waziwazi mbele ya watu, hushindwa kumdhuru, kwa kuwa kila jicho litamtazama yeye. Methali hii yaonyesha nguvu ya nuru isiyokuwa ya jua wala ya karabai, nayo ni nuru ya jamii nzima inayojua na kuona. Mauaji yalifanyika usiku, lakini mara nyingi yaliwezekana kwa sababu mchana, mbele ya wote, mtoto alikwisha kuitwa jina lisilo lake na hakuna aliyekemea. Mtaa unaomwita mtoto kwa jina alilopewa na wazazi wake, na kumwuliza kila asubuhi kama amevaa kofia yake, umekwisha kuwasha taa na kumvika kwa wakati mmoja.

7. Hitimisho

Imeonekana kwamba nuru na vazi katika Maandiko hazigombani. Nuru ya Mungu ni vazi kwa sababu humwonyesha mwanadamu bila kumwaibisha, na vazi la Mungu ni nuru kwa sababu humsitiri bila kumficha. Imeonekana pia kwamba Kiswahili, kwa maneno yake ya nuru na mianga, kuvika na kuvua, stara na pishi, hakikuyapokea mawazo haya kama mgeni. Kiliyapa makao, na mara nyingine kikayafafanua kuliko lugha nyingi zilizotangulia kuyabeba.

Wasukuma husalimiana asubuhi kwa kusema "mwangaluka", na sikio la msemaji wa Kiswahili haliachi kusikia humo neno "mwanga". Ni salamu ya watu waliofikiwa tena na asubuhi na kukutana wazima. Salamu hiyo haiulizi rangi ya anayesalimiwa. Yatosha kwamba ameamka, naye anastahili kuitikiwa.